Barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho yetu: Andikeni Afrika kwenye kibao

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Na kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,

YAH: VIBAO VYA MAELEZO KATIKA UKUMBI WA MOZAIKI ZA KIRUMI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu. Kila Jumamosi asubuhi nafundisha Kiswahili watoto wa familia zilizotoka Tanzania, Kenya, Burundi na mashariki ya Kongo, katika mji huu ambao makumbusho yenu ni fahari yake. Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza ilijibiwa kwa shukrani zilizokwisha kuchapwa tayari. Ya pili ilijibiwa kwamba suala langu limepokelewa. Ya tatu haikujibiwa. Ndiyo maana hii ya nne naiweka hadharani, na nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu wazazi wa wanafunzi wangu wanalipa kodi hapa kama wengine, nao wana haki ya kujua ninachowaombea watoto wao. Tafsiri yake mtaipata ndani ya bahasha hiyo hiyo. Mji siutaji wala jengo silitaji. Nyinyi mnajijua, na ninachotaka ni kibao kibadilishwe, si mtu aaibishwe.

Mwaka jana niliwaleta watoto 12 kutazama mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vijiwe vya rangi. Walisimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia mbele ya uso wa Oceanus, mungu wa bahari: ndevu zake mwani, nywele zinatiririka kama maji, na juu ya kichwa magando mawili ya kaa. Kumzunguka kuna samaki wa kila aina. Mtoto mmoja ambaye babu yake ni mvuvi alianza kuwataja: pweza huyu, kamba huyu, yule mrefu mkunga. Wenzake wakamfuata. Kwa dakika kumi nzima ukumbi wenu ulijaa majina ya samaki kwa Kiswahili. Kisha binti mmoja wa miaka tisa akaniuliza, "Mwalimu, hii imetoka wapi?"

Nikainama kusoma kibao. Kilisema: mozaiki ya sakafu, Kirumi, karne ya 3. Basi. Nikamuuliza mhudumu wa ukumbi, kijana mpole kabisa, naye akajibu kwamba bila shaka ni Italia. Watoto wakaandika "Italia" kwenye madaftari yao.

Haikutoka Italia. Niliomba ruhusa ya kusoma orodha yenu ya zamani iliyo maktabani kwenu wenyewe, na humo, kwa maandishi ya aliyeipokea, imeandikwa kwamba sakafu hiyo ilikatwa kwenye nyumba ya kale katika pwani ya Tunisia. Yaani habari mnayo. Imo ndani ya jengo lile lile, ghorofa mbili juu ya kibao kinachoificha. Ilinibidi Jumamosi iliyofuata niwaambie watoto wafute neno walilokuwa wameliandika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnapima kwa mizani mbili.

Ukumbi wa jirani una michoro ya ukutani kutoka miji iliyofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79. Mna kipande kimoja cha Narcissus, kijana aliyeupenda uso wake mwenyewe majini, hekaya waliyoipenda sana watu wa Pompeii, mmoja wa miji hiyo, hata wakaichora nyumba baada ya nyumba. Kipande chenyewe ni kidogo, nimekipima kwa macho, hakifiki mita moja. Lakini kibao chake kinataja mji, nyumba, chumba na mwaka kilipobanduliwa. Kinaeleza hata jinsi rangi zilivyopakwa lipu ya chokaa ingali mbichi ili zinywewe na ukuta. Nilikisoma kwa furaha. Kazi nzuri, na aliyeiandika anajua kwamba mchoro ulikuwa wa mtu fulani, aliyeishi mahali fulani, akala chakula chake mbele yake.

Sasa vuka mlango. Mozaiki saba, na kwa mujibu wa orodha yenu tano zimetoka Afrika ya Kaskazini. Hakuna hata kibao kimoja kinachotaja mji. Hakuna kinachotaja nchi. Kipande kidogo cha ukuta wa Italia kina anwani kamili, na sakafu nzima ya Afrika haina hata jina la bara. Sidhani kuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Nadhani hakuna aliyeliona, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

2. Neno "Kirumi" peke yake linapotosha.

Mtanijibu kwamba Tunisia wakati huo ilikuwa ndani ya dola ya Kirumi. Kweli kabisa. Lakini Warumi wenyewe waliliitaje jimbo lile? Waliliita Africa. Baada ya kuibomoa Karthago, mji wa kale wa pwani ya Tunisia, mwaka 146 kabla ya Kristo, jina hilo ndilo walilolipa ardhi waliyoitwaa, na jina la bara letu zima limekuja kwa njia hiyo. Kwa hiyo ninapowaomba mwandike Afrika, siwaombi mwingize siasa za leo katika mambo ya kale. Nawaomba mrudishe neno ambalo mwenye nyumba ile angelitumia mwenyewe.

Tena kuna jambo la ufundi ambalo kibao chenu kinalifuta. Katika karne ya 2, mafundi wa Italia walikuwa wamezama katika sakafu za rangi mbili, vijiwe vyeusi juu ya vyeupe. Nenda Ostia, bandari ya Roma, ukatazame bafu za Neptune: mungu huyo wa bahari na farasi wake wa baharini ni weusi tii juu ya sakafu nyeupe, kama vivuli. Ni kazi ya kupendeza. Lakini ng'ambo ya bahari, Afrika, mafundi walikuwa wanajenga mtindo wao: rangi nyingi, watu wakubwa, mawindo, bahari iliyosheheni viumbe, miungu inayotembea kati ya misimu minne ya mwaka. Neptune wa La Chebba, aliyemo leo katika makumbusho ya Bardo mjini Tunis, anaendesha gari lake katikati, na pembeni wako wanawake wanne, mmoja kwa kila msimu, pamoja na kazi za shamba za msimu huo. Na mtindo huu haukubaki Afrika. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mafundi kutoka Afrika ndio waliotandaza, katika karne ya 4, sakafu za jumba kubwa la Piazza Armerina kule Sicily, kisiwa cha Italia, kiasi cha mita za mraba 3,500, ambako shujaa Hercules anatimiza kazi zake na jitu Polyphemus anapokea kikombe cha divai kutoka kwa Ulysses, msafiri wa baharini wa hekaya za Kigiriki. Ikiwa hivyo ndivyo, basi Afrika ilikuwa mwalimu na Italia mwanafunzi. Mgeni wenu atajuaje hayo, iwapo kila kitu ni "Kirumi"?

Nisimame kidogo kwa Ulysses, maana ndiye anayenifanya niipende sanaa hii. Katika mji wa Dougga, kwenye vilima vya kaskazini ya Tunisia, kulikuwa na nyumba ambayo sakafu yake ya karne ya 3 inamwonyesha amefungwa kwenye mlingoti, mikono nyuma, macho yameelekea kando. Mabaharia wake wamekaa, wote wanatazama upande mwingine. Ufukweni wako wale viumbe watatu wa kuimba, ambao katika hekaya sauti yao iliwavuta mabaharia kwenye maangamizi. Msomaji wa pwani asidhani ni nguva: hawa ni wanawake wenye miguu ya ndege, mmoja ana zumari, mmoja ana kinubi, na wa tatu anaimba tu. Fundi alielewa kwamba hofu yote ya hekaya ile imo katika macho ya watu wanaokataa kutazama. Nami sijaona mahali pengine palipochorwa ukimya kwa vijiwe vizuri kuliko hapo. Pembeni, katika nyumba hiyo hiyo, Dionysus, mungu wa divai, anawageuza maharamia kuwa pomboo. Zote mbili ziko Bardo, na Bardo inasema wazi: zimetoka Dougga.

Na Sousse, ambayo zamani iliitwa Hadrumetum, ndiko ilikofukuliwa mwaka 1896 mozaiki ya mshairi Virgil ameketi kati ya Muza wawili, miungu wa kike wa sanaa, na mapajani mwake karatasi ya kukunja yenye mstari wa utenzi wake. Mtu wa Sousse aliagiza sura ya mshairi iwekwe sakafuni mwake. Huyo alikuwa msomaji, na msomaji huyo alikuwa anaishi Afrika. Watoto wangu wanahitaji kulijua hilo. Watoto wenu pia.

3. Mmeigeuza sakafu kuwa picha.

Oceanus wenu ametundikwa ukutani ndani ya fremu, kama mchoro wa mafuta. Alikuwa chini ya miguu ya watu. Katika vyumba vya kulia vya Warumi, fundi aliacha ukanda wa mapambo mepesi pande tatu, mahali pa kuweka vitanda vya wageni, na picha kubwa akaielekeza ili iliyo mbele ya mgeni isomeke vizuri kutoka pale alipojilaza. Mpango wa sakafu ulieleza nani anakaa wapi. Yote hayo yamekatwa, ukabaki uso tu.

Tena uso huo haukuwa pambo tupu. Karibu na Sétif, Aljeria, Oceanus wa sakafuni aliandikiwa shairi la kuwapasua vifua wenye husuda. Kule Moknine, Tunisia, kuna mozaiki yenye jicho baya linaloshambuliwa na nyoka na samaki. Kwa hiyo Oceanus wenu, na samaki wake wote wale, pengine aliwekwa pale kuilinda nyumba na kijicho. Mnaona jinsi jambo hili lingeeleweka haraka kwa bibi yeyote wa pwani yetu? Nilipowaeleza wanafunzi wangu, hakuna aliyeniuliza kijicho ni nini.

Siwaombi mumshushe. Najua kubandua mozaiki mara ya pili ni hatari, na najua madhara ya ile saruji yenye nondo iliyotumika zamani kuzishikilia kwa nyuma: chuma hupata kutu, hufura, na vijiwe hupasuka kutokea chini. Ila mchoro mdogo unaoonyesha chumba kizima hauhitaji kugusa hata kijiwe kimoja.

4. Ramani ya mlangoni inaishia baharini. Nimeitazama mara nyingi. Inaonyesha Italia yote, Ugiriki, Gaul (Ufaransa ya leo) na Uhispania, kisha Mediterania, kisha fremu.

Sasa niseme kuhusu majibu ninayoyatarajia, kwa kuwa mengine nimeshayasikia kwa mdomo.

Mtasema kibao hakina nafasi. "Sousse, Tunisia" ni maneno mawili. Kama orodha inasema pwani ya Tunisia tu bila mji, basi andikeni pwani ya Tunisia.

Mtasema asili haina uhakika, na kwamba mtu wa zamani aliyejaza orodha huenda alikosea. Hili ni jibu la haki, na nalichukua kwa uzito. Lakini asiye na uhakika huandika "inasemekana", hanyamazi. Na tena anachunguza. Chuo kikuu kimoja cha Marekani, Bowling Green kule Ohio, kilinunua vipande 12 vya mozaiki mwaka 1965 kikiambiwa vimetoka Antiokia, mji mwingine wa kale. Watafiti walipovitazama upya waligundua kwamba vililingana na sakafu ya mji wa kale wa Zeugma, Uturuki, ambako vilikuwa vimeng'olewa na wezi. Mwaka 2018 vikarudi Uturuki, na sasa viko Gaziantep. Yote yalianza kwa watu kukitilia shaka kibao. Hata wanaochimba wenyewe hukosea: huko Bulla Regia, Tunisia, nyumba moja ya chini ya ardhi iliitwa Nyumba ya Amphitrite, mke wa Neptune, kwa sababu ya mungu wa kike aliyebebwa na viumbe wa baharini, kisha ikabainika kuwa ni Venus, mungu wa mapenzi. Jina la nyumba limebaki lile la kwanza, ila maelezo yamesahihishwa. Nimeshuka ngazi zile nikamwona mahali pale pale alipowekwa, chini, kwenye ubaridi, pasipo fremu. Kosa la jina halikumpunguzia chochote. Angekosa mahali, angekuwa amepoteza kila kitu.

Mtasema kwamba kutaja Tunisia na Aljeria kutaleta madai ya kurudishiwa. Hapa nitakuwa mkweli. Kama mozaiki zirudi au zisirudi, si mimi wa kulisema. Ni la Watunisia na Waaljeria, na wana taasisi zao za kulisemea. Lakini kukificha kitu kwa kuogopa mwenyewe asikitambue ni jambo ambalo hakuna makumbusho yenye heshima ingependa kulikiri hadharani. Wakubwa wenzenu hawafichi. Sakafu ya Neptune na Amphitrite iliyoko Louvre, makumbusho ya Paris, inajulikana kwamba ilifukuliwa Constantine, Aljeria, mwaka 1842, miaka mitano baada ya jeshi la Ufaransa kuuteka mji huo. Mozaiki ambazo mchimbaji wa mambo ya kale Nathan Davis alizichimba Karthago kati ya 1856 na 1859 na kuzipeleka London zinajulikana kwa jina la Karthago. Historia yenyewe haipendezi, lakini ipo na inasomeka.

Na kuna mtu atasema, labda kwa upole, kwamba Tunisia si nchi ya Waswahili, basi mwalimu wa Kiswahili inamhusu nini? Ni kweli si yetu. Kati ya Dougga na Dar es Salaam pana jangwa zima na nchi nyingi, na sitadai kwamba babu zetu walitandaza sakafu zile. Lakini watoto wangu katika mji huu huitwa Waafrika kila siku, shuleni, barabarani, kwenye fomu. Wakiingia kwenu, neno hilo hilo wanalobebeshwa kila mahali halionekani penye kazi nzuri kuliko zote ukumbini. Mtoto wa miaka tisa aliuliza swali halali na jengo zima likamjibu vibaya.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, vibao vya mozaiki zile tano vitaje nchi, na mji pale unapojulikana, na mwaka zilipoingia mikononi mwenu pamoja na njia zilizopitia, kadiri orodha yenu inavyosema. Kisha wahudumu wa ukumbi wapewe habari hizo, maana wao ndio wanaoulizwa. Ramani ya mlangoni iongezwe kusini hadi Leptis Magna (Libya), Dougga na Volubilis (Moroko) zionekane. Kuhusu mchoro wa chumba kizima kando ya Oceanus, najitolea kukaa na mbunifu wenu bila malipo, kwa kuwa nimeshatengeneza mmoja wa karatasi kwa ajili ya darasa, na watoto waliuelewa. Mwisho, naomba jibu la maandishi lenye tarehe ya kazi kuanza, hata kama tarehe yenyewe ni ya mwakani.

Mkiona ni vyema, vibao vipya vipelekwe kwanza kwa wenzenu wa Bardo wavipitie. Makumbusho ile imekuwepo tangu 1888. Ilishambuliwa tarehe 18 Machi 2015, watu zaidi ya 20 wakauawa. Ilifungwa 2021 na kufunguliwa tena 2023. Wamezitunza mozaiki zao katika mambo mazito kuliko uhaba wa nafasi kwenye kibao, na hakuna wanaozijua kuliko wao.

Tutakuja tena Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, watoto wale wale 12 na wengine wanne wapya. Yule binti ameahidi kusoma kibao yeye mwenyewe, kwa sauti, kisha atuambie kwa Kiswahili kinasema nini.

Naomba kuwasilisha.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi

Nakala: Wazazi wote wa darasa